Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Stephen Curry

Warriors wakicheza tu, maswali yaleyale kuhusu Curry yanarudi: ni mfupi kiasi gani, alitoka wapi, ni kweli Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa kabla yake, ni kweli alifika Kigoma. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayoleta ubishi vijiweni, kwa hiyo mwenye haraka na aruke hadi anapopataka.

## Mambo ya msingi

Stephen Curry ni nani?

Ni mchezaji wa kikapu wa Marekani, mlinzi wa Golden State Warriors, timu pekee aliyoichezea tangu aingie NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009. Jina lake kamili ni Wardell Stephen Curry II, maana baba yake ndiye Wardell wa kwanza. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 mjini Akron, Ohio, katika hospitali ileile alikozaliwa LeBron James miaka mitatu na ushei kabla yake.

Ametwaa ubingwa wa NBA mara nne: 2015, 2017, 2018 na 2022. Amekuwa Mchezaji Bora wa Msimu mara mbili mfululizo, 2015 na 2016, na ile ya pili alipata kura zote bila hata mpiga kura mmoja kumpa mwingine nafasi ya kwanza. Katika historia ya NBA hilo halikuwahi kumtokea mtu kabla yake.

Kama ni mlinzi, mbona anafunga kuliko wote?

Anayetoka kwenye soka hutegemea mlinzi akae nyuma. Kwenye kikapu kila mtu anashambulia na kila mtu anakaba, na walinzi ni wale wawili ambao kwa kawaida ndio wafupi zaidi uwanjani. Wanaupandisha mpira, wanaanzisha mashambulizi na wanarusha kutoka nje. Mmoja wao huitwa pointi gadi, na ndiye mwenye kazi ya kuiendesha timu. Curry anaandikwa kwenye nafasi hiyo, ila Warriors wamemtumia kwa namna isiyo ya kawaida: mara nyingi anampa mwenzake mpira auendeshe, yeye anaondoka zake. Habari hiyo imeelezwa kwa urefu kwenye sehemu ya namna anavyocheza.

Ana urefu gani?

Kama mita 1.88, na uzito wa kilo 84 hivi. Mtaani huyo ni mrefu. Katikati ya wachezaji wa NBA anaonekana mtoto, hasa alipokuwa na umri wa miaka 20, mwembamba na mwenye sura changa.

Baba yake naye alikuwa mchezaji?

Ndiyo, na si wa kubahatisha. Dell Curry alicheza NBA misimu 16, kumi kati ya hiyo akiwa Charlotte Hornets, na alijulikana kwa kurusha kutoka mbali. Mama yake, Sonya, alicheza voliboli Chuo Kikuu cha Virginia Tech. Mdogo wake, Seth, naye ni mlinzi aliyefika NBA. Stephen alikulia Charlotte, North Carolina, akizurura kwenye viwanja vya mazoezi vya timu ya baba yake. Dell alipohamia Toronto Raptors miaka ya mwisho, familia ilimfuata Kanada na Stephen akasoma huko kwa muda.

Kwa hiyo ile hadithi ya kijana aliyetoka kusikojulikana ipokeeni kwa kiasi. Pesa ilikuwepo, goli la nyumbani lilikuwepo, na mwalimu wa kurusha alikuwa analala chumba cha pili. Asichorithi ni mwili.

## Shule na chuo

Ni kweli alifundishwa kurusha upya akiwa kijana?

Kweli. Alipokuwa sekondari alikuwa anarushia mpira kutoka usawa wa kiuno, kwa sababu hakuwa na nguvu za kutosha kuufikisha akiuanzia juu. Baba yake aliona kwamba akikutana na mabeki warefu, mpira wa namna hiyo utapigwa kofi kila siku. Likizo moja ya kiangazi wakauvunja mtupo wote na kuujenga upya, mpira utokee juu ya paji la uso.

Curry mwenyewe amesimulia kwamba kipindi kile kilimuumiza. Wiki nyingi hakuweza kufunga akiwa mbali na goli, na kuna siku hakutaka hata kuushika mpira. Mnaomwona leo ni matokeo ya likizo ile, na wazazi wanaouliza kuhusu watoto wao wataikuta tena habari hii karibu na mwisho.

Kwa nini vyuo vikubwa vilimkataa?

Walimwona mwembamba mno. Virginia Tech, chuo walichochezea wazazi wake wote wawili, kilimwambia anaweza kujiunga na timu ila bila ufadhili. Davidson, chuo kidogo karibu na Charlotte chenye wanafunzi wasiofika 2,000, kilimpa nafasi na ufadhili. Kocha wake, Bob McKillop, alikwishamwona kabla ya wengine.

Mechi yake ya kwanza ya chuo, dhidi ya Eastern Michigan, alipoteza mpira mara 13. Kocha mwingine angemkalisha benchi. McKillop alimpanga tena kesho yake dhidi ya Michigan, akafunga pointi 32.

Mwaka 2008 kulitokea nini hasa?

Machi ya 2008 Davidson waliingia mashindano ya kitaifa ya vyuo bila mtu kuwatarajia. Curry aliwafunga Gonzaga pointi 40, Georgetown 30 na Wisconsin 33. Timu ilifika nane bora na ikatolewa na Kansas kwa 59 kwa 57, shuti la mwisho la mwenzake Jason Richards likikosa. Kansas ndio walioibuka mabingwa mwaka huo.

Wamarekani wengi walilijua jina lake wiki hizo mbili. Msimu uliofuata aliongoza nchi nzima kwa ufungaji, wastani wa pointi 28.6 kwa mechi, kisha akaingia NBA akiwa bado ana mwaka mmoja wa masomo.

Alirudi kumaliza shahada?

Alimaliza mwaka 2022, shahada ya sosholojia. Davidson walikuwa na utaratibu wa kutostaafisha jezi (kuiinua ukumbini kwa heshima) ya mtu ambaye hajahitimu, kwa hiyo jezi yake namba 30 ilisubiri miaka 13. Agosti 2022 wakafanya sherehe moja: mahafali yake na kuinuliwa kwa jezi.

## Kuingia NBA na miaka ya maumivu

Ni kweli Hasheem Thabeet alichaguliwa kabla ya Curry?

Ni kweli, na Watanzania hatuchoki kulirudia. Katika drafti ya tarehe 25 Juni 2009, siku ya timu kuchagua vijana wapya kwa zamu, wa kwanza alikuwa Blake Griffin, wa pili Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliyechukuliwa na Memphis, wa tatu James Harden. Wa nne Tyreke Evans. Minnesota walikuwa na nafasi ya tano na ya sita, na zote mbili wakachagua walinzi: Ricky Rubio na Jonny Flynn. Curry akaangukia nafasi ya saba kwa Golden State, wakati mashabiki wa New York Knicks, waliokuwa wa nane, wameshaanza kumhesabu ni wao.

Si haki kuwacheka Memphis kwa macho ya leo. Thabeet alikuwa na mita 2.21, alitoka Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa mmoja wa wazuiaji bora wa mashuti nchini, na Memphis tayari walikuwa na pointi gadi kijana, Mike Conley. Ligi ya wakati ule ililipia urefu. Thabeet alibaki NBA hadi 2014, na hakuna Mtanzania aliyemtangulia kufika huko. Swali gumu ni la Minnesota, waliotaka mlinzi, wakachagua mara mbili, na mara zote mbili wakamruka.

Vifundo vyake vya miguu vilikuwa na shida gani?

Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kinateguka, kinapona, kinateguka tena, mara nyingine bila kuguswa na mtu. Alifanyiwa upasuaji mwaka 2011, kisha wa pili mwaka 2012. Msimu wa 2011-12 alicheza mechi 26 tu. Kuna watu wa kikapu waliokuwa wanasema wazi kwamba hatadumu.

Kilichobadilika, mbali na upasuaji, ni mafunzo. Wataalamu wa mazoezi wa Warriors waliona kwamba kila anapobadili mwelekeo ghafla anabebesha vifundo kazi ambayo ingepaswa kufanywa na nyonga. Wakamjenga nyonga, makalio na mapaja kwa kunyanyua vyuma vizito, na wakamfundisha upya namna ya kusimama na kugeuka. Majeraha mengine yalikuja baadaye: goti mwaka 2016, mkono wa kushoto uliovunjika Oktoba 2019 na kumwachia mechi tano tu msimu mzima. Lakini ule wimbo wa vifundo ulikwisha.

Kwa nini bingwa wa NBA alikuwa analipwa chini ya wenzake?

Kwa sababu ya vifundo hivyo. Oktoba 2012, hakuna aliyejua kama atacheza msimu mzima, alisaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 44. Kwa mtu mwenye mguu uliopasuliwa mara mbili zilikuwa fedha nzuri. Miaka mitatu baadaye alikuwa mchezaji bora duniani na ndani ya timu yake hakuwa hata wa kwanza kwa mshahara.

Hapa ndipo mashabiki wengi hawafiki. NBA ina kikomo cha jumla ya mishahara ya timu, na nafasi iliyoachwa na mkataba ule wa Curry ilisaidia sana Warriors kuwa na fedha za kumsajili Kevin Durant mwaka 2016. Fidia ilikuja mwaka 2017: miaka mitano, dola milioni 201, mkataba wa kwanza wa NBA kuvuka milioni 200. Mwaka 2021 akaongezewa mwingine wa miaka minne wa milioni 215.

Ni lini watu walijua huyu si wa kawaida?

Kila mtu ana usiku wake. Wangu ni 27 Februari 2013, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Alifunga pointi 54, akaingiza mitupo ya pointi tatu, ile ya kutoka nje ya mstari wa mbali, 11 kati ya 13. Warriors walifungwa mechi ile, 109 kwa 105, na hata wenyeji walioshinda walitoka wakimzungumzia yeye. Msimu huo alimaliza na pointi tatu 272, tatu zaidi ya rekodi ya Ray Allen ya msimu mmoja.

## Namna anavyocheza

Mtupo wake una siri gani?

Kasi na mkunjo mmoja. Wachezaji wengi huruka kwanza, wakifika juu ndipo wanaachia. Curry anaachia akiwa bado anapanda, nguvu inatoka magotini na kupitiliza hadi vidoleni bila kusimama njiani, na kazi yote inamalizika chini ya nusu sekunde. Mpira unapanda juu sana, kwa hiyo unashuka kwenye ringi ukiwa umesimama, na nafasi ya kuingia inakuwa kubwa zaidi.

Kipimo kizuri cha mkono wake ni mitupo huru, pale ambapo hakuna anayemkaba. Anaingiza zaidi ya 91 katika kila 100, na katika historia ya NBA hakuna aliyemzidi.

Basi ubora wake ni kurusha tu?

Hapana, na jibu hili ndilo ningependa lisomwe hata kama mengine yote yatarukwa.

Chukua shambulizi moja la kawaida la Warriors. Curry anapandisha mpira, anampa mwenzake Draymond Green aliyesimama mbele ya goli, halafu anatembea kuelekea chini ya goli kama aliyemaliza kazi. Beki anayemkaba anashusha mikono kidogo. Hapo hapo Curry anageuka, anamzunguka mwenzake aliyesimama kama nguzo, anakimbilia kona, anakuta kizuizi cha pili, anachomoka. Sasa beki wake amekwama nyuma ya mtu wa kilo 110, kwa hiyo beki wa pili lazima amwache mtu wake amkimbilie Curry. Mtu aliyeachwa yuko peke yake chini ya ringi. Green anampa pasi, pointi mbili. Kwenye takwimu Curry hana alichofanya: hana pasi ya mwisho, hana pointi.

Hilo linatokea mara nyingi kila mechi. Wachezaji wengi wakubwa wakitoa mpira wanasimama kupumzika, na beki wao naye anapumzika. Anayemkaba Curry anarudi benchi amelowa kama aliyekuwa anapakua mchanga kwenye lori. Ndiyo maana usiku ambao mitupo yake haiingii, timu bado inapata nafasi. Mfano wa wazi zaidi ni fainali ya 2022, umeelezwa huko chini.

Ukitazama mechi yake tena, jaribu robo moja usiufuate mpira. Mfuate yeye.

Nani aliyemjengea mfumo huo?

Steve Kerr, aliyechukua ukocha mwaka 2014 baada ya Mark Jackson. Chini ya Jackson Curry alikwishakuwa nyota, lakini mpira ulikaa mikononi mwake muda mrefu. Kerr alitaka pasi nyingi na watu wanaotembea. Alikuta vifaa vyote vipo: Klay Thompson, mrushaji mwingine mkubwa, na Green, mrefu mwenye akili ya pointi gadi. Kabla ya hapo, Machi 2012, uongozi ulimuuza Monta Ellis, kipenzi cha mashabiki, na mashabiki wakazomea. Ellis naye alikuwa mlinzi mfupi mfungaji, na wawili wa aina moja hawakuwa wanakaa pamoja.

Ni yeye aliyeleta pointi tatu nyingi tunazoziona leo?

Si peke yake. Mstari wa pointi tatu uliingia NBA msimu wa 1979-80, na wapiga hesabu wa timu mbalimbali, Houston wakiwemo, walikwishaona kwamba shuti la mbali linalipa kuliko la umbali wa kati. Curry alipoingia ligini, timu ilirusha pointi tatu 18 hivi kwa mechi. Msimu wa 2023-24 zilifika 35.

Alichokifanya yeye ni kuusogeza ukingo. Mstari uko mita 7.24 kutoka kwenye goli, na yeye akawa anarusha kutoka mita tisa, mita kumi, akiwa ametoka kudunda mpira, bila kupangiwa. Mabeki wakalazimika kumpokea karibu na katikati ya uwanja, na uwanja mzima ukanyooka. Wanaolalamika kwamba NBA ya leo ni kurusharusha tu wana hoja, ila wamlaumu kwa sehemu yake, si kwa yote.

Yale mazoezi yake kabla ya mechi yakoje?

Watu hufika uwanjani mapema kuyatazama tu. Anaanza kudunda mipira miwili kwa wakati mmoja, anapitia mitupo ya karibu kwa mkono wa kulia na wa kushoto, anarudi nyuma kidogo kidogo hadi kwenye nembo ya katikati. Enzi za Oracle Arena, Oakland, alimalizia kwa kurusha akiwa kwenye mlango wa njia ya kuingilia vyumbani. Timu ilihamia Chase Center, San Francisco, mwaka 2019.

## Rekodi, ubingwa na vipigo

Amefunga pointi tatu ngapi?

Alivunja rekodi ya jumla ya Ray Allen, 2,973, tarehe 14 Desemba 2021, tena palepale Madison Square Garden. Allen alizifunga katika mechi 1,300. Curry alikuwa kwenye mechi yake ya 789. Tarehe 13 Machi 2025 akawa wa kwanza kufika 4,000.

Kwa msimu mmoja rekodi ni 402, aliyoiweka 2015-16. Aliyemkaribia zaidi ni James Harden, 378.

Walishinda mechi 73, ilikuwaje wakakosa ubingwa?

Msimu wa 2015-16 walishinda 73 na kufungwa 9, rekodi ambayo haijavunjwa. Fainali dhidi ya Cleveland waliongoza kwa mechi tatu kwa moja, halafu wakafungwa tatu mfululizo. Timu kupoteza baada ya kuongoza hivyo haikuwahi kutokea katika fainali za NBA. Green alifungiwa mechi ya tano, Curry alikuwa ametoka kuumia goti raundi ya kwanza, na LeBron na Kyrie Irving wa Cleveland walicheza kwa kiwango cha juu mno. Mechi ya saba Curry aliingiza pointi tatu 4 kati ya 14. Goti ni sababu, lakini si kisingizio cha kutosha. Alitupa pasi za hovyo ambazo mchezaji bora wa ligi hapaswi kuzitupa.

Ubingwa alioupata na Durant unahesabika?

Unahesabika. Kumchukua Durant baada ya kushinda mechi 73 hakukuwa na ladha nzuri, hilo nakubali. Lakini kumbuka aliyesogea pembeni ni Curry: alikwishakuwa Mchezaji Bora mara mbili na akakubali mgeni awe mfungaji mkuu. Durant ndiye aliyetwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa Fainali 2017 na 2018.

Kwa nini ubingwa wa 2022 unasifiwa zaidi?

Durant alikwishaondoka, Thompson alikuwa ametoka kwenye majeraha ya miaka miwili, na timu ilikuwa imetoka mkiani. Boston waliongoza fainali mbili kwa moja, na mechi ya nne ilikuwa kwao. Curry alifunga pointi 43 na kukusanya ribaundi 10, yaani mipira iliyorudi baada ya shuti kukosa.

Kisha ikaja mechi ya tano. Alirusha pointi tatu tisa, haikuingia hata moja. Warriors wakashinda 104 kwa 94, kwa sababu Boston waliendelea kumtumia mabeki wawili usiku kucha na Andrew Wiggins akafaidi, pointi 26. Mechi ya sita wakamaliza kazi, na Curry akapewa tuzo ya Mchezaji Bora wa Fainali aliyokuwa anadaiwa kuikosa.

Olimpiki je?

Alikuwa na dhahabu mbili za Kombe la Dunia, 2010 na 2014, lakini Olimpiki hakuwahi. Rio 2016 aliikosa akiuguza goti. Alienda mara moja, Paris 2024, akiwa na miaka 36. Nusu fainali dhidi ya Serbia, Marekani wakiwa wamezidiwa sana, alifunga pointi 36. Fainali dhidi ya Ufaransa alifunga 24, zote kwa pointi tatu nane, nne kati yake katika dakika tatu za mwisho.

## Nje ya uwanja

Ni kweli aliwahi kufika Tanzania?

Ndiyo, mwaka 2013, na hakuja kucheza. Alikwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, pamoja na kampeni ya Nothing But Nets, kugawa na kufunga vyandarua. Kambi ile ilianzishwa 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita mashariki mwa Kongo, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili kutoka Kivu Kusini.

Msimu uliotangulia alikuwa ameahidi vyandarua vitatu kwa kila mtupo wa pointi tatu utakaoingia. Zile 272 zilizovunja rekodi zikawa vyandarua 816. Habari za malaria alizipata kwa mwenzake wa timu pale Davidson. Mwaka 2015 alizungumzia suala hilo Ikulu ya Marekani, wakati wa Rais Obama.

Familia yake?

Mke wake ni Ayesha, mzaliwa wa Kanada. Walijuana wakiwa vijana kwenye kikundi cha kanisa Charlotte, wakaoana Julai 2011, na wana watoto wanne. Wawili hao walianzisha taasisi ya Eat. Learn. Play. mwaka 2019, inayosaidia watoto wa Oakland kwa chakula, usomaji na michezo.

Na viatu?

Alianza na Nike, akahamia Under Armour mwaka 2013, wakati Nike hawakuona sababu ya kumng'ang'ania. Novemba 2025 yeye na Under Armour walitangaza kuachana.

## Ya ubishi na ya pembeni

Ni pointi gadi bora wa muda wote, au Magic Johnson?

Magic ana ubingwa mara tano na alikuwa Mchezaji Bora wa Msimu mara tatu. Kwa kuiendesha timu kwa pasi simwoni wa kumzidi, na mita 2.06 zilimsaidia kuona juu ya kila mtu. Mimi namchukua Curry, kwa sababu timu pinzani zilibadili namna nzima ya kukaba kwa ajili yake. Anayemchagua Magic sitagombana naye.

Si hajui kukaba?

Timu pinzani humtafuta makusudi, kweli, maana katika watano wa Warriors yeye ndiye mdogo kwa umbo. Lakini kutafutwa si sawa na kutojua. Msimu wa 2015-16 aliongoza ligi kwa kupora mipira, na tangu ajenge mwili (tazama jibu la vifundo) si rahisi tena kumsukuma.

Mwanangu anarusha kutoka katikati ya uwanja kama Curry. Nimwache?

Usimwache. Mtoto wa miaka kumi akirusha kutoka mbali na mpira mkubwa, analazimika kuuanzia kiunoni au begani, na kosa hilo ndilo lililomgharimu Curry likizo nzima kulifuta. Aanzie hatua mbili kutoka kwenye ringi, mkono mmoja, mpira unaolingana na umri wake. Akiingiza nane katika kumi bila kupinda umbo, arudi hatua moja. Pale Don Bosco Upanga, Dar es Salaam, na kwenye viwanja vingine vya mjini utawaona vijana wamekaa nusu saa kwenye nembo ya katikati wakiokota mipira iliyogonga ubao. Hao hawajifunzi kurusha.

Akitaka kumwiga kweli, amwige kukimbia baada ya kutoa pasi. Hiyo haihitaji nguvu za mkono.

Mechi zake Afrika Mashariki ni saa ngapi?

Mechi za nyumbani San Francisco nyingi huanza saa moja jioni kwao. Kuanzia Novemba hadi mapema Machi hiyo ni saa 12 asubuhi kwetu, siku inayofuata. Marekani wakishasogeza saa mbele mwezi Machi, inakuwa saa 11 alfajiri. Wakisafiri pwani ya mashariki, New York au Boston, andaa saa tisa na nusu usiku katika miezi ya baridi, na saa nane na nusu kuanzia Machi. Kongo mashariki, Rwanda na Burundi toa saa moja kwenye hesabu zote hizo.